Namna ya Kupanga Safari ya Kutazama Maua ya Porini ya Japani kwa Majira Yake

Maswali yanayoulizwa kuhusu maua ya Japani huwa ni yale yale: yanachanua lini, ni lazima kwenda Kyoto, nikifika Julai nitakuta nini, na mbona nilichokikuta hakifanani na picha nilizoziona. Wengi wanaouliza ni wanafunzi na wafanyakazi waliohamia Tokyo au Osaka, na wageni kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Muscat ambao likizo yao imekwisha kupangwa na mwajiri na haisogezeki. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Hauhusu misakura, yaani micheri ya maua, ya mijini, ambayo karibu yote imepandwa kwa mkono na imekwisha kuelezwa vya kutosha. Unahusu maua yanayoota msituni, kinamasini na milimani, pamoja na safari za kuyafikia.

Jambo moja litangulie, kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Sisi tumezoea nyika kuchanua baada ya mvua, kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki huuliza mvua ya Japani hunyesha lini, na hapo huwa amekwisha kupotea. Japani maua hufuata joto, na joto hupanda kutoka kusini kwenda kaskazini na kutoka bondeni kwenda mlimani. Kila ukipanda mita 100, joto hushuka kwa takriban nyuzi 0.6, hivyo ua lililokwisha bondeni huwa ndiyo kwanza linachanua juu. Basi anza na tarehe zako, kisha chagua mwinuko, na ua utalichagua mwisho. Anayeanza kwa kuchagua mahali kwa sababu ya picha nzuri ndiye anayekuta majani matupu.

Utakavyohitaji kabla ya kuanza

- Viza, ikiwa unatoka nje. Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda huhitaji viza hata kwa matembezi mafupi. Viza ya kuingia mara moja kwa kawaida hutumika ndani ya miezi 3 tangu siku ilipotolewa, kwa hiyo anayeipata Februari kwa safari ya Julai atajikuta viza imekwisha muda kabla hajapanda ndege.
- Viatu vyenye soli inayoshika vizuri, vilivyokwisha kuzoea miguu yako. Raba za mjini zinatosha kwenye vilima vya karibu na Tokyo, lakini hazifai kwenye njia za mbao zilizolowa.
- Koti la mvua pamoja na suruali yake. Mwavuli hauna kazi kwenye upepo wa mlimani.
- Nguo moja ya joto, hata Julai. Tokyo ikiwa na nyuzi 33, mahali penye mwinuko wa mita 2,600 huwa na nyuzi 17 hivi, na upepo huzidisha baridi.
- Fedha taslimu, zikiwamo sarafu za yen 100. Vyoo vingi vya milimani hutunzwa kwa mchango wa watumiaji, na si kila nyumba ya wageni mlimani hupokea kadi.
- Kadi ya usafiri kama Suica au Pasmo kwa ajili ya treni. Usiitegemee kwenye mabasi ya milimani.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu, kwa kuwa mtandao hupotea mara tu unapoiacha barabara, na betri ya akiba.
- Kengele ndogo ya kufukuza dubu, ambayo huuzwa katika maduka ya vifaa vya milima.
- Mfuko wa taka zako mwenyewe.

Hatua

1. Andika tarehe zako na uzigawe kwa theluthi za mwezi.

Wajapani hawasemi tu kwamba ua fulani huchanua Juni. Mwezi wameugawa mara tatu: siku 10 za mwanzo ni jojun (上旬), za kati ni chujun (中旬), na za mwisho ni gejun (下旬). Matangazo mengi ya maua huandikwa hivyo, na tofauti ya theluthi moja inatosha kukukosesha ulichokifuata. Andika kwenye daftari kwamba uko huru, kwa mfano, Julai chujun, kisha uendelee. Hapo hapo kagua sikukuu. Mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, na tena katikati ya Agosti, nchi nzima husafiri, na vyumba hupanda bei au huisha kabisa.

2. Linganisha tarehe hizo na mwinuko, ndipo uchague ua.

Mwisho wa Februari hadi katikati ya Machi, wakati wengi hudhani bado hakuna kitu, setsubunso huchanua kwenye miteremko ya mji wa Ogano, mkoa wa Saitama. Ni ua jeupe, dogo, lenye kimo cha kidole hivi, na usipoinama hutaliona. Binafsi ningelipendekeza kwa mtu aliyekwisha kuona mengine. Kwa safari ya kwanza linaweza kuonekana dogo mno kwa nauli iliyolipwa.

Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili ni zamu ya katakuri katika vilima vya kandokando ya Tokyo. Ua hili la rangi ya zambarau huinama, na petali zake hujikunja kwenda juu. Hufunguka jua likiwaka na hujifunga kukiwa na mawingu, mvua au usiku, kwa hiyo lifuate siku ya jua, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Kosa la kawaida ni kufika alfajiri ili kukwepa watu, kisha kuondoka na picha za maua yaliyolala. Ukiwa umechelewa, katika eneo la Senboku, mkoa wa Akita, ua hilo hilo huchanua mwisho wa Aprili. Mwezi huo wa Aprili mlima Takao, wenye mita 599 na ulio umbali wa chini ya saa moja kwa treni kutoka Shinjuku, huwa na aina nyingi za maua madogo ya jamii ya sumire (violeti), na ndio mahali ninapowatuma watu wenye siku moja tu na wasiotaka kulala nje.

Mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni nenda Oze. Hiki ni kinamasi kikubwa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, mahali inapokutana mikoa ya Gunma, Fukushima na Niigata, na tangu 2007 ni hifadhi ya taifa inayojitegemea. Theluji inapoyeyuka, mizubasho huchomoza majini kwa maelfu. Sehemu nyeupe inayoonekana kama ua ni jani lililojikunja kulikinga shina la katikati, na maua yenyewe ni yale madogo yaliyolizunguka shina hilo. Ukifika Julai utakuta majani mapana yanayokaribia urefu wa mita moja, mithili ya mgomba mchanga, wala hutaamini kuwa ni mmea ule ule wa kwenye picha.

Mwisho wa Mei huo huo, kaskazini kabisa, kisiwa cha Rebun huanza msimu wake. Kiko karibu na latitudo ya nyuzi 45, na baridi yake huyawezesha maua ya vilele vya milima kuota karibu na usawa wa bahari, kiasi kwamba unayaona ukiwa umetoka tu kwenye feri. Okidi ya rangi ya maziwa iitwayo Rebun atsumoriso, ambayo huota kisiwani humo tu, huchanua mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni, na eneo lake la kaskazini mwa kisiwa limezungushiwa uzio. Maua mengine huendelea hadi Agosti. Hokkaido, eneo la kaskazini ambamo Rebun imo, haina msimu wa mvua wa Juni kama Honshu, kisiwa kikuu chenye Tokyo, na kwa sababu hiyo mtu mwenye likizo ya Juni na pesa ya kutosha ningemshauri aende Rebun kabla ya kwingine kote. Kufika bandari ya Wakkanai kwa treni kutoka Sapporo ni kama saa 5, kisha feri huchukua karibu saa 2.

Katikati ya Julai nikko-kisuge, ua la njano, hufunika nyanda za Kirigamine mkoani Nagano na sehemu za Oze. Kila ua huishi siku moja, lakini shina hubeba matumba kadhaa, hivyo bonde hubaki la njano kwa siku nyingi. Kulungu huyapenda matumba hayo, na wamepunguza maua sana. Nyua za umeme utakazoziona Kirigamine ni za kuwazuia wao, na maua mengi yako ndani yake.

Kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, panda juu. Senjojiki, katika safu ya milima ya kati ya Nagano, ina kituo cha gari la waya kilicho mita 2,612, ambacho ndicho kilicho juu kuliko vyote Japani. Linakupandisha mita 950 kwa dakika 7 na nusu, na ukitoka mlangoni uko kwenye bonde la maua, lenye njia ya mzunguko unaoweza kuimaliza ndani ya saa moja. Mwendo huo wa ghafla humpa mtu kizunguzungu, kwa hiyo kaa kituoni dakika 20 kabla ya kuanza kutembea. Chaguo jingine ni Happo huko Hakuba, mkoa huo huo wa Nagano, ambako gari la waya na viti viwili vya kuning'inia hukufikisha mita 1,830. Aina ya mwamba wa mlima ule huifanya miti ishindwe kukua, na maua ya vileleni yameshuka chini kuliko kawaida yake. Mwenye kutaka komakusa, ua la waridi linaloota kwenye changarawe tupu, alitafute milimani Julai na Agosti.

Mwisho wa Septemba higanbana nyekundu huchanua kwa pamoja. Kinchakuda, katika mji wa Hidaka, Saitama, ina mashina yapatayo milioni 5 kwenye kona ya mto, umbali wa kutembea kwa dakika 15 kutoka stesheni ya Koma. Ua hili lilitoka China zamani, na lile la Japani halizai mbegu bali huongezeka kwa vitunguu vyake ardhini, kwa hiyo anayeshika sana maana ya ua la porini anaweza kulikataa. Lina sumu, mtoto asilitafune.

3. Thibitisha hali ya maua wiki moja kabla, na tena jana yake.

Tarehe nilizotaja ni za kawaida, na mwaka wenye baridi kali au theluji chache huzisogeza kwa wiki nzima. Ofisi za utalii za miji na vituo vya wageni vya hifadhi hutoa taarifa mtandaoni, nyingi kwa Kijapani tu, lakini maneno ya kutafuta ni machache: 咲き始め maana yake yameanza, 見頃 ni wakati mzuri wa kutazama, 満開 yamechanua yote, na 終わり yamekwisha. Tazama tarehe ya taarifa kabla ya kutazama picha. Wengi hudanganywa na picha ya mwaka uliopita iliyopandishwa juu ya ukurasa, na hakuna aliyekusudia kuwadanganya.

4. Panga usafiri kuanzia basi la mwisho la kurudi.

Treni ni nyingi na hufika kwa dakika. Mabasi ya milimani ni machache, mengine huenda miezi fulani tu, na la mwisho linaweza kuondoka saa 10 alasiri au mapema zaidi. Kwanza tafuta saa ya basi hilo, toa saa moja ya akiba, kisha uhesabu kurudi nyuma hadi upate saa ya kuondoka asubuhi. Usifikiri gari la kukodi litakuokoa: magari binafsi huzuiwa kwenda Hatomachi-toge, lango la Oze, kwa sehemu kubwa ya msimu, na huzuiwa pia kupanda Senjojiki, hivyo kila mtu huegesha bondeni na kupanda basi. Kuhusu tiketi ya treni ya nchi nzima wanayouziwa wageni, ile ya siku 7 ilipanda hadi yen 50,000 mwaka 2023, na kwa mtu anayezunguka karibu na Tokyo hailipi. Mizigo mikubwa iache kwenye kabati za stesheni au uitume kwa huduma za kusafirisha mizigo, kwa maana hakuna pa kuliweka sanduku la magurudumu kwenye njia ya mbao.

5. Weka nafasi ya kulala mapema.

Nyumba za wageni za mlimani hazipokei mtu aliyejitokeza tu jioni. Chakula cha jioni huwa saa 11 au 12, taa huzimwa mapema, na chumba unaweza kukitumia pamoja na wengine. Oze hairuhusiwi kutumia sabuni wala shampuu hata pale penye bafu, kwa ajili ya maji ya kinamasi. Asiyekula nguruwe aseme wakati wa kuweka nafasi na si mezani, kwa sababu mpishi wa mlimani hana duka la jirani. Na hata hivyo beba tende, karanga au chochote cha kukusitiri.

6. Siku yenyewe: mfano wa Oze.

Kutoka Tokyo kuna mabasi ya msimu ya moja kwa moja hadi Oze-Tokura, na hapo unabadili basi dogo hadi Hatomachi-toge, kwenye mita 1,591. Anza kutembea asubuhi. Kilomita 3.3 za kwanza hadi Yamanohana ni mteremko wa takriban saa moja, na ndiko wageni wengi huteleza, kwa kuwa mbao zimeinama na zimelowa. Weka mguu wote kwa pamoja, usitangulize kisigino. Mwanzoni mwa msimu theluji huwa bado ipo njiani. Kutoka Yamanohana uwanda ni tambarare, na njia ni mbao mbili sambamba: tembea upande wa kulia, na ukitaka kusimama, simama penye jukwaa lililopanuliwa. Hadi Ryugu ni kama kilomita 4.4 zaidi. Kumbuka kwamba kurudi ni kupanda, na mwili umechoka. Ikifika nusu ya muda wako geuka, hata kama maua ya mbele yanaonekana kupendeza zaidi. Njiani utakuta kengele zilizotundikwa kwa ajili ya dubu. Zigonge.

7. Tazama na upige picha bila kuiacha njia.

Hapa ndipo makosa yanapodhuru zaidi. Katakuri huchukua miaka 7 au 8 kutoka mbegu hadi ua la kwanza, na kwa miaka hiyo huwa ni jani moja dogo ambalo hutalitambua ukilikanyaga. Komakusa mizizi yake huenda mbali ndani ya changarawe, hivyo hatua moja kando yake yaweza kuikata. Hata ncha ya fimbo yako ivalishe mpira. Kuchuma kumekatazwa na sheria katika maeneo yaliyohifadhiwa, na okidi za porini zinalindwa pia na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo hata kitunguu kimoja kwenye sanduku kinaweza kukuletea kesi uwanja wa ndege. Ukitaka picha ya karibu, tumia lenzi ya kuvuta. Taka zote rudi nazo; Oze iliondoa mapipa ya taka tangu 1972, wala usitegemee kuyakuta kwenye milima mingine.

Mambo yakienda kombo

Umefika na maua yamekwisha. Usibaki hapo kusikitika. Tafuta mahali pa juu zaidi kwa mita 300 hadi 500, au kaskazini zaidi. Ukifika mapema mno, fanya kinyume chake.

Mvua haikatiki. Katika maeneo ya Tokyo msimu wa mvua huanza Juni na huendelea hadi Julai. Katakuri itajifunga, lakini kinamasi huvutia hata kwenye ukungu, hivyo safari ya Oze iendelee mradi hakuna radi wala upepo mkali. Kimbunga kikitangazwa, ambacho hutokea zaidi Agosti hadi Oktoba, ahirisha bila kujadiliana na mtu.

Feri ya Rebun imefutwa. Upepo na ukungu huifuta mara kwa mara. Acha siku moja tupu kati ya kisiwa na ndege yako ya kurudi. Bila siku hiyo usiende.

Umeona dubu. Mashambulizi yameongezeka miaka ya karibuni, hasa kaskazini mwa Honshu. Usikimbie wala usimpe mgongo. Rudi nyuma polepole ukimtazama. Kabla ya kuondoka soma matangazo ya siku hiyo kwenye mlango wa njia, na njia ikiwa imefungwa, imefungwa hata kwako uliyetoka mbali.

Umekosa basi la mwisho. Rudi kwenye kituo cha wageni au nyumba ya karibu uombe wakuitie teksi, ukiwa tayari kulipa nyingi. Kwa dharura ya mgonjwa au majeruhi piga 119.

Uko na mzee au mtu asiyeweza kutembea mbali. Nenda bustani ya kinamasi ya Sengokuhara huko Hakone, iliyofunguliwa 1976, ambayo ina mimea ya vinamasi na ya milimani pamoja na njia tambarare za mbao. Mizubasho huchanua huko mapema kuliko Oze. Hufungwa kuanzia Desemba hadi katikati ya Machi, kwa hiyo usimpeleke mzee wa watu Januari.